Simu ya kwanza ya mtoto: apewe lini, na apewe ipi

Mzazi akibanwa aseme mtoto apewe simu akiwa na miaka mingapi, mara nyingi hutaja 13, kwa kuwa ndiyo namba anayokutana nayo kila akifungua akaunti mtandaoni. Namba hiyo haikutoka kwa madaktari wala kwa walimu. Ilitoka kwenye sheria ya Marekani iitwayo COPPA, iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika 2000, inayokataza tovuti kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi ziliona nafuu ni kuwafungia mlango watoto wa umri huo. Ulaya, sheria iliyoanza kutumika 2018 iliweka 16 na kuruhusu kila nchi ishushe hadi 13. Australia nayo, tangu Desemba 2025, inazitaka kampuni kubwa za mitandao ya kijamii zisiwe na akaunti za walio chini ya miaka 16. Sheria zote hizo zinahusu akaunti na taarifa. Kama mtoto wako anaweza kubeba simu siku nzima bila wewe, hilo umeachiwa wewe.

Mimi naanza na kalamu na karatasi. Andika kazi ambazo simu hiyo itafanya, moja moja, bila kupamba. Kupiga akichelewa kutoka shule. Kupigiwa akiwa kwa ndugu. Kuita msaada. Karatasi ikiishia hapo, mtoto anahitaji simu ndogo ya batani isiyo na intaneti, hata kama ana miaka 13. Betri yake inakaa siku kadhaa, ikianguka kwa kawaida inaokotwa na kuendelea kufanya kazi, na haimvutii mporaji. Hifadhi namba tano tu: za wazazi, ndugu mmoja wa karibu, jirani, na shule. Simu nyingi za aina hii zinakuruhusu kuweka namba kwenye kitufe, kwa mfano kitufe cha 2, ili akikibonyeza kwa muda ipige moja kwa moja. Pamoja na hayo, hakikisha ameikariri namba yako kichwani. Simu huzimika na laini hupotea, na mtoto aliyezoea kubonyeza 2 atasimama mbele ya mtu mwema mwenye simu akashindwa kumtajia namba.

Kama kwenye karatasi kuna kazi za shule, kundi la darasa la WhatsApp na video za masomo, bado hakuna ulazima wa simu yake mwenyewe. Hizo ni kazi za simu ya nyumbani inayokaa sebuleni, kila mtu anaona inatumika vipi. Kwenye kundi la darasa, mzazi ndiye awe mwanachama.

Utayari wa mtoto unaonekana kwenye mambo madogo yasiyohusu simu. Sweta, chupa ya maji na kalamu zake zinarudi nyumbani? Akiambiwa azime televisheni anazima, au kila jioni ni vita? Akivunja kitu anakuja kusema, au unagundua mwenyewe baada ya siku mbili? Hili la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Mtoto anayepoteza kalamu atajifunza kutunza. Mtoto anayeficha kosa kwa kuogopa kipigo ataficha pia ujumbe wa mtu mbaya, na hakuna programu itakayoziba pengo hilo. Hapo anayehitaji kubadilika kwanza ni mzazi, jinsi anavyopokea habari mbaya.

Ukiona anakaribia, fanya jaribio la wiki nne kwa simu ya nyumbani. Wiki ya kwanza apige na kupokea tu. Ya pili aandike ujumbe kwa watu watatu uliowachagua. Ya tatu apewe dakika 30 za intaneti kwa siku, na yeye mwenyewe ndiye aangalie saa na kuirudisha simu. Ya nne uongeze siku moja ya kukatazwa kabisa bila yeye kuwa na kosa, uone anaipokeaje. Usitegemee asiteleze. Angalia akiteleza anafanya nini: anarudisha simu kwa kuchelewa dakika kumi na kukiri, au anaichukua kimyakimya usiku? La kwanza ni utoto. La pili linakuambia usubiri miezi mitatu, kisha mrudie jaribio.

Simu janja ikifika, iandae kabla mtoto hajaishika, maana kumnyang'anya alichokwisha kukizoea ni kazi kubwa. Kosa la kawaida ni kumrithisha simu ya zamani ya mama au baba pamoja na akaunti zake. Mtoto anakuta picha za watu wazima wa nyumba, barua pepe za kazini, kadi ya malipo iliyohifadhiwa, na video anazopendekezewa ni za umri wa baba. Toka kwenye akaunti zote, ifute simu irudi kama ilivyotoka kiwandani, ndipo umfungulie akaunti yake chini ya yako. Kwenye Android ni Family Link. Kwenye iPhone ni Family Sharing pamoja na Screen Time, na namba ya siri ya Screen Time isifanane na ile ya kufungulia simu.

Hapa kwenye kufungua akaunti ndipo wazazi wengi hujikwaa, tena kwa mkono wao. Programu inakataa mtoto wa miaka 10, mzazi anarudisha mwaka wa kuzaliwa nyuma ili yaishe haraka, ionekane ana 13. Fanya hesabu. Akifika miaka 13 ya kweli, programu inamhesabu 16. Akifika 15, inamhesabu 18, yaani mtu mzima. Programu kubwa nyingi huweka kinga maalumu kwa vijana: akaunti inakuwa ya faragha, watu wazima asiowajua hawamwandikii ovyo, maudhui na matangazo huchujwa. Kinga hizo zote zinaondoka siku ya kuzaliwa ya uongo, naye bado ni wa miaka 15. Kurekebisha mwaka baadaye mara nyingi kunadai kitambulisho, kwa hiyo kama akaunti ya namna hiyo ipo tayari, ifute mwanzishe mpya yenye mwaka wa kweli. Na kama mwaka wa kweli unamkatalia, basi programu hiyo si ya mwaka huu.

Kisha weka ukomo wa muda wa kila siku, saa ya simu kujifunga usiku, na sharti kwamba programu mpya isiingie bila idhini yako. Baada ya hapo ifunge simu ujaribu kujipigia kutoka humo. Ukomo uliowekwa vibaya unaweza kumzuia mtoto hata kukupigia wewe.

Kuna mpangilio mmoja ambao wachache wanaujua. Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu iitwayo DNS ya faragha, ndani ya mipangilio ya mtandao; DNS ni huduma inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti. Chagua kuandika jina la mtoa huduma mwenyewe, uandike family.cloudflare-dns.com, uhifadhi. Kuanzia hapo tovuti nyingi za ngono na zenye virusi hazifunguki, iwe ni kwa bando au kwa Wi-Fi, bila malipo. Udhaifu wake ni huu: Wi-Fi zile zinazokutaka ujaze ukurasa kwanza huweza kugoma, na simu itaonekana haina intaneti. Tena mtoto akiweka VPN, yaani programu inayopitisha intaneti njia nyingine, kizuizi kinarukwa, ndiyo maana idhini ya programu mpya lazima iwe mkononi mwako. Haizuii picha inayotumwa ndani ya WhatsApp. Hiyo ni kazi ya mazungumzo.

WhatsApp yenyewe, kwa akaunti ya kawaida, inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Siku ya kuiweka, ingia kwenye faragha: picha yake na muda aliokuwa mtandaoni vionekane kwa waliohifadhiwa kwenye simu tu, na kwenye makundi chagua hao hao pekee, la sivyo mtu yeyote mwenye namba yake atamwingiza kundi lolote. Nyamazisha simu za namba ngeni. Washa uthibitisho wa hatua mbili, uiandike namba hiyo ya tarakimu sita kwenye daftari lako. Kisha mwambie kwa maneno haya haya: namba ya kuthibitisha ikija kwa meseji, hapewi mtu, hata rafiki yako wa darasani, kwa sababu akaunti ya rafiki yako inaweza kuwa imeshaibiwa. Michezo nayo ikaguliwe. Mingi ina sehemu ya kuchati na wageni, na sehemu hiyo mara nyingi inazimika kwenye mipangilio ya mchezo.

Laini ya mtoto isiunganishwe na pesa za mtu mzima.

Usiku simu ilale nje ya chumba cha kulala. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Atasema anaitumia kama kengele ya kumwamsha. Mnunulie saa yenye kengele. Weka chaja zote mahali pamoja, na ya kwako iwepo, maana mtoto anatazama simu ya mzazi inalala wapi.

Siku ya kumkabidhi, mpe ahadi moja usiyoivunja: akiona au akitumiwa kitu kibaya na akaja kusema, simu haichukuliwi. Watoto hunyamaza kwa sababu wanaogopa kunyang'anywa, na wanaowawinda wanalijua hilo. Mfundishe mwenendo wao: anamsifia, anamwomba wahamie programu nyingine, anamwambia iwe siri yao, halafu anaomba picha. Hatua ya kuhama ndiyo rahisi zaidi kwa mtoto kuitambua, kwa hiyo mwambie hapo ndipo aje kwako, kabla ya picha yoyote. Kama picha imeshatumwa na vitisho vimeanza, msilipe, kwa kuwa anayelipa hudaiwa tena. Msifute mazungumzo. Pigeni picha ya skrini ya vitisho na jina la akaunti, mzuieni huyo anayetisha, mripoti polisi. Picha yenyewe ya mtoto usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya NCMEC, shirika la Marekani la kuwalinda watoto, inayosaidia kuondoa picha kama hizo za walio chini ya miaka 18 kwenye mitandao inayoshirikiana nayo. Inatengeneza alama ya picha, yaani namba ya kuitambulisha, hapo hapo kwenye simu, na picha yenyewe haitoki.

Baada ya miezi mitatu kaeni tena na ile karatasi ya kazi. Kama yaliyokubaliwa yametimizwa, mfungulie jambo moja tu, kundi moja au programu moja, na muandike tarehe ya kikao kijacho.