Siku shangazi alipomkagua bibi wa Cézanne

Mvua ndiyo iliyotupeleka. Shangazi alikuwa na wiki ya pili London, amekuja kunisaidia kulea mtoto, na koti nililomwazima lilishalowa. Tulikuwa Trafalgar Square, jumba la picha la National Gallery liko mbele yetu, kuingia bure. "Tujibanze humo," nikamwambia.

Vyumba vya mwanzo alivipita kama anayevuka barabara. Wafalme, farasi, twende. Akaja kusimama mbele ya bibi mmoja aliyeinamisha kichwa, kofia nyeupe, shali ya buluu, mikono imeshika rozari. Ni kazi ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, ya mwaka 1895 au 1896. Nikasema, yule bibi mcha Mungu anasali.

"Hasali huyo. Tazama vidole. Anayesali, punje zinatembea. Huyu ameikamata kama kamba ya ndoo."

Sikubisha. Shangazi amezeekea kwenye kufua nguo za watawa huko kwetu Songea, pasi ya mkaa na wanga wa muhogo, na mikono yake imetoka vilevile: mikubwa kuliko mwili, viungo vimevimba. Akasogea, akainama. "Kofia haikupigwa pasi. Na hapa chini kushoto, maji yaliingia." Mlinzi akakohoa, nikamvuta nyuma.

La kofia nililichukulia utani, lakini la maji lilikuwa kweli. Nilisoma kwenye simu palepale, huku namtafsiria. Mshairi Joachim Gasquet, rafiki wa Cézanne, aliikuta picha hiyo imeachwa sakafuni huko Jas de Bouffan, nyumba ya familia ya mchoraji karibu na mji wa Aix, Ufaransa, bomba likiidondoshea maji. Gasquet huyohuyo alisimulia kwamba bibi alikuwa mtawa, akatoroka utawani uzeeni, akatangatanga mpaka Cézanne alipompa kazi za ndani. Na kwamba picha ilichukua miezi 18. Gasquet alipenda kunogesha, kwa hiyo mezani kwangu hadithi zake huwa nazipunguza chumvi kidogo. Shangazi hakupunguza kitu.

"Miezi 18 amekaa kitini? Nyumba alifagia nani?"

Kisha nikafika kwenye mashuka. Eti bibi alikuwa akichana mashuka ya bosi wake, halafu anamuuzia mwenyewe vile vipande afutie brashi, huku ananong'ona sala za litania. Shangazi alicheka hadi akatafuta benchi, akafuta machozi kwa ncha ya kanga iliyochungulia chini ya koti.

"Huyo sasa namjua," akasema.

Jumatatu jioni nilirudi kazini nikakuta shuka langu kuukuu, lile lililotoboka katikati, limechanwa vipande vilivyolingana na kukunjwa vizuri juu ya meza ya jikoni.

"Kimoja pauni moja, mwanangu," akasema, macho yake kwenye sufuria.