Muuza spea aliponiambia nimegonga mwamba: nilivyodai propela yangu mpaka ikabadilishwa

Ukinunua spea ya boti ikazingua, jibu la kwanza utakalopewa karibu kila mara ni moja tu, umegonga mwamba, yaani umeigonga kwenye jiwe majini ukaiharibu mwenyewe. Likishatoka hilo neno ujue kesi imegeuka, kinachokaguliwa sio propela tena, ni wewe na uendeshaji wako, na bila kujua unaanza kujitetea wakati wewe ndo mdai. Mimi yalinikuta kwenye propela mpya ya mashine ya hosipawa 40 na nikabadilishiwa, sio kwa kelele wala kwa kumjua mtu, naeleza hapa ilivyokwenda maana najua wengi wanaishia kuitupa stoo na kununua nyingine.

Propela yenyewe ni ya alumini, mapanga matatu, pichi 13, ina bushi ya raba katikati. Kwa ambaye hajawahi kuichungulia hii bushi, shafti haishiki mapanga moja kwa moja. Shafti inaingia na meno yake kwenye kipande cha shaba, hicho cha shaba kimevishwa raba, na raba imeshindiliwa kwa nguvu ndani ya kitovu cha alumini, ile sehemu ya katikati inayobeba mapanga, hakuna boliti hakuna nini, msuguano wa raba ndo unasukuma boti nzima na watu wake. Kazi yake ni nzuri tu, ukiingiza gia raba inameza ule mshtuko, na ukigonga kitu kweli inateleza kabla meno ya giaboksi hayajavunjika. Sasa raba ikiwa ya hovyo au imeshindiliwa vibaya kiwandani inateleza hata kama hujagusa jani. Na inateleza kwa ujanja, boti ikiwa tupu unakwenda pole pole inashika vizuri kabisa, pakia watu uongeze mafuta, mashine inapayuka juu na boti imelala pale pale, rudisha mafuta inashika tena kama hakuna kilichotokea.

Ndo maana muuzaji akiishika mkononi akaizungusha akakwambia "mbona iko ngumu" hajadanganya. Kwa mkono hutaitelezesha hata ukiita na majirani.

Nilimwandikia meseji ya adabu, kaka ile propela inateleza nikiwa na mzigo naomba tuangalie namna. Akanijibu kwa voisi ndefu, na ndani ya voisi moja akatoa sababu zote alizonazo: kwanza umegonga mwamba, halafu kama hukugonga basi mashine umeifunga juu sana propela inavuta hewa, halafu fundi wako hajui kufunga, halafu mwisho kabisa spea ikishaingia majini hairudishwi. Wenye kujua kubishana wangeishika hiyo ya mwisho. Mimi niliona hiyo niiache kwanza, kwa sababu hizo tatu za mwanzo ni vitu vinavyopimika, na ukishamwondolea hizo tatu hiyo ya nne inabaki peke yake bila nguo.

Kitu cha kwanza niliivua nikaacha kuitumia. Hili watu wanalidharau, mtu anajua spea ni mbovu anaendelea nayo wiki nzima huku anadai, siku anaipeleka dukani mapanga yameshachubuka na mchanga, muuzaji anaonyesha kidole, si unaona? Yangu ilitoka ikiwa bado na rangi nyeusi ya kiwandani mpaka kwenye ncha za mapanga, na hapo ndo penyewe, propela ya alumini ikigonga mwamba kwa kasi ya kuitelezesha raba lazima iache alama, ukingo unajikunja au unatoka kipande au walau rangi inaondoka unaona alumini inang'aa. Nikapiga picha panga moja moja kwenye jua la asubuhi, mbele na nyuma, nikapiga na namba ya spea iliyochorwa kwenye kitovu, boksi lake na risiti. Sikuiosha kwa brashi ya waya wala sikuigusa raba.

La fundi kutojua kufunga nalo lina ushahidi wake. Propela inakaa na washa nene ya shaba kwa mbele, inayoizuia isisogee ikagusa giaboksi, nyuma kuna kipande cha kujazia nafasi, nati na pini. Ukisahau ile washa, kitovu kinasaga giaboksi na utaona duara limechorwa kwenye chuma. Kwangu washa ipo, duara hakuna, picha.

Halafu kipimo cha mstari, hiki ndo kilichoibeba kesi yote na hakina gharama. Nilichukua rangi nyeupe ya kucha, nikachora mstari mmoja ulionyooka kwa nyuma ya propela, unaanzia kwenye shaba ya katikati, unapita juu ya raba, unaishia kwenye alumini ya kitovu. Ukikauka unafunga propela, unatoka na mzigo, unaongeza mafuta mpaka ile tabia itokee, unarudi unavua. Kama raba imeshika, mstari uko vile vile. Kama imeteleza, mstari umekatika vipande viwili. Wangu kipande cha shaba kilikuwa kinaangalia upande mmoja na kipande cha alumini kimekwenda karibu robo ya duara, na kwenye raba ile rangi imepakazika. Nilirekodi video moja isiyokatwa kuanzia kuchora, kufunga, safari yenyewe mpaka kuvua, na simu alishika mtu mwingine ili mikono yangu ionekane muda wote. Isiyokatwa ni muhimu, ukikata mahali popote utaambiwa umezungusha kwa spana ukiwa nyumbani.

Ilibaki ile ya mashine kukaa juu, na hii ndo ilikuwa hoja yake nzuri kuliko zote nampa haki yake, kwa sababu propela ikivuta hewa dalili zinafanana sana, mizunguko inapanda na boti haiendi. Lile bapa la giaboksi lililo juu ya propela linatakiwa liwe karibu usawa na chini ya boti pale kwenye ubao wa tezi, ule wa nyuma unaofungiwa mashine, likiwa juu mno hewa inaingia. Nikaliwekea rula na kulipiga picha. Ila rula peke yake haimnyamazishi mtu, kinachomnyamazisha ni propela ya zamani. Niliirudisha ile iliyochoka, imeliwa na kutu ya chumvi kwenye ncha, mashine ile ile haijasogezwa hata boliti moja, mzigo ule ule, na ikashika mwanzo mwisho. Kama tatizo ni urefu wa mashine au giaboksi, mbona kikuukuu kinashika? Hakuwa na la kusema hapo, alibadilisha mada.

Nikaongeza na hesabu, ambayo kwa kweli niliifanya zaidi kwa ajili ya roho yangu. Pichi 13 maana yake kila mzunguko mmoja propela ingeenda mbele inchi 13 kama maji yangekuwa kitu kigumu. Giaboksi yangu ni 2 kwa 1, kwa hiyo mashine ikizunguka 5000 kwa dakika propela inazunguka 2500, zidisha na 13 unapata inchi 32,500 kwa dakika, ambayo ni kama kilomita 49 na nusu kwa saa. Maji sio kitu kigumu kwa hiyo kuna kupotea, kwa boti ya namna hii asilimia 10 mpaka 20 ni kawaida, basi ningetegemea kilomita 40 na ushee. Kimita kidogo cha kuzungushia kwenye waya wa plagi kinasoma hiyo 5000 na simu kwa GPS inasoma 17. Hizo kilomita nyingine zimekwenda wapi?

Sasa ushahidi ninao, lakini ushahidi peke yake haubadilishi propela. Nilikuwa nawaza huyu jamaa anakataa nini hasa, maana sio mjinga, anazijua spea kuliko mimi. Nikagundua anaogopa kitu kimoja, akishanibadilishia ile mbovu inabaki kwake, na aliyemletea mzigo hatamrudishia. Kumbe kumbishia kwamba ni mbovu nilikuwa namwambia anachokijua tayari. Nikabadilisha namna ya kuongea. Nikamwandikia meseji moja, fupi, nikaipanga vizuri: tarehe ya kununua, namba ya spea, kasoro ni raba kuteleza, vipimo vilivyofanyika, picha na video hizi hapa, naomba unibadilishie au unirudishie hela, na nikamwekea tarehe ya kunijibu. Mwisho nikaongeza, kaka haya yote nimeyaandika kwa namna ambayo unaweza kumtumia aliyekuletea mzigo kama yalivyo, na kama anataka barua ya fundi nitakutafutia.

Neno feki sikulitumia popote. Mwambie muuzaji kakuuzia feki, hata kama ni kweli, atafunga mlango kwa sababu akikubali amekubali yeye ni tapeli. Mwambie mzigo wake una kasoro ya kiwandani, anayo sehemu ya kupitia.

Fundi wa propela, sio fundi wa mashine wa kwangu ila mwingine asiyenijua wala kumjua muuzaji, aliibana kwenye jiliwa akaingiza kipande cha shafti ya zamani chenye meno yale yale, akazungusha kwa wenzo mrefu, shaba ikageuka ndani ya raba wote tunaona na alumini haijatikisika. Akaandika mistari miwili kwenye karatasi yake, raba inateleza, mapanga hayana alama ya kugonga, akagonga muhuri. Nilimlipa kama kazi nyingine yoyote na risiti nikaiweka na zile nyingine.

Kuna nchi huu mzigo wote wa kuthibitisha sio wa mnunuzi, Uingereza kwa mfano kwa sheria yao ya haki za mlaji ya mwaka 2015, mtu aliyenunua kwa matumizi yake binafsi kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 na akadai kutengenezewa au kubadilishiwa, inahesabiwa ilikuwepo toka anauziwa, muuzaji ndo athibitishe kwamba sio. Kama huna sheria ya hivyo, au boti yako ni ya biashara, basi kusanya ushahidi kabla hata hujaombwa.

Nilikwenda dukani mwenyewe, na propela, kwa saa ambayo hakuna wateja wengi. Kumwaibisha mbele za watu kunampa sababu ya kukaza shingo. Akaangalia video yote kimya, akasoma karatasi ya fundi, halafu akasema lete tuipige boliti mbili hapa kwenye kitovu itashika milele, bure. Aisee. Hili nawaomba mlikatae popote mtakapoambiwa, ukiipiga boliti au ukiichomelea, raba haina kazi tena, siku ukigusa gogo au fungu mshtuko wote unakwenda moja kwa moja kwenye shafti na gia, umeokoa propela umeua giaboksi, na giaboksi ndo bei. Nikamwambia bosi, hii umeniuzia kama propela yenye bushi, nataka propela yenye bushi. Akasema basi niachie niichunguze. Nikamwambia sawa, ila niandikie umeipokea ikiwa katika hali gani, mapanga mazima, rangi ipo, namba ya spea ni hii. Maana ukiiacha hivi hivi bila karatasi siku ukirudi inaweza kuwa imegonga mwamba ikiwa ndani ya duka.

Akaandika. Na nadhani ni pale alipoandika kwa mkono wake mwenyewe "mapanga mazima" ndipo alipoona biashara ya mwamba imeisha, kwa sababu alipiga simu hapo hapo, akaongea na mtu wake kwa muda, akaomba nimtumie zile picha upya zikiwa na ubora wa juu. Jibu halikuja siku hiyo, lilikuja karibu na ile tarehe niliyoweka, na alinipigia yeye, sauti nyepesi kabisa, kaka njoo uchukue.

Alinipa ya aina nyingine, hii bushi yake ni ya plastiki ngumu inayochomoka, ikichoka unanunua bushi peke yake. Bei imezidi kidogo nikaongeza tofauti, sikuona haja ya kuligombania hilo. Kabla sijaipokea niliitazama ile plastiki kwa tochi, nikachora mstari wa rangi pale pale kaunta akiniangalia, akacheka lakini akamwita kijana wake aje aone inavyofanywa. Nilichosubiri kabla ya kutoka ni risiti mpya yenye namba ya spea mpya na tarehe ya siku hiyo ya kubadilisha, alitaka kuandika tu kwa nyuma ya ile ya zamani nikamwomba hapana bosi, nipe mpya, ili hii nayo ikizingua tusianze kuhesabu siku toka ile ya kwanza.