Kata Maua, Yataongezeka

Andiko: Mithali 11:24

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

"Kuna atawanyaye, lakini huongezewa zaidi, kuna azuiaye isivyo haki, lakini huelekea uhitaji." Aliyepanda maua ya zinia hulisoma andiko hili uani kwake. Zinia huishi msimu mmoja tu, na haja yake kubwa ni kuacha mbegu kabla haijafa. Ukiyaonea huruma maua ukayaacha shinani, yatafunga mbegu na matumba mapya yatapungua. Ukikata juu kidogo ya jozi ya majani, hapo hapo yatachipua matawi mawili, na kila tawi litaleta ua lake. Bustani inayokatwa kila baada ya siku mbili tatu ndiyo inayochanua muda mrefu.

Kwa anayeanza, tunashauri zinia kabla ya waridi. Waridi hudai uangalizi mwingi. Zinia inataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Fukia mbegu kina cha sentimita 1, pale pale zitakapokulia, maana miche yake haipendi kuhamishwa. Huota ndani ya wiki moja hivi. Kisha punguza miche, ubakize nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Wengi hushindwa hapa, mikono inakuwa mizito kung'oa mche wenye afya. Lakini ikibanana hewa haipiti, na majani hushikwa na ukungu mweupe kama unga. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, usiloweshe majani. Mmea ukifika sentimita 25, kata ncha ya juu ili utoe matawi. Maua ya kwanza huja wiki ya 8 hadi ya 10.

Kukata nako kuna wakati wake. Zinia ikikatwa changa haifunguki tena, inainama shingo siku hiyo hiyo. Shika shina sentimita 20 chini ya ua, ulitikise taratibu: likiyumba kwa kulegea, liache, likisimama imara, kata. Waridi ni kinyume, hilo likatwe likiwa tumba ambalo petali za nje zimeanza kuachana. Kata alfajiri, mashina yakiwa yamejaa maji, na utumbukize papo hapo kwenye ndoo safi. Ondoa kila jani litakalozama, kwa sababu likioza huzaa bakteria wanaoziba mirija ya shina, na ua hunyauka huku limesimama ndani ya maji. Kwa lita 1 ya maji, tia kijiko 1 cha chai cha sukari, vijiko 2 vya chai vya maji ya limau na kijiko 1 cha chai cha jiki. Sukari peke yake usitie, utakuwa unawalisha bakteria. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, ukipunguza ncha za mashina kidogo. Waridi lisikae karibu na ndizi au maembe yanayoiva, maana hewa inayotoka kwenye matunda hayo hulizeesha upesi.

"Ua lanyauka," asema Isaya, kwa hiyo ua la kugawa halingoji nafasi. Mashina 5 au 7 yanatosha kabisa. Peleka pamoja na chombo, chupa ya jemu iliyooshwa vizuri, ambacho hutaki kurudishiwa; mgonjwa asiachiwe kazi ya kutafuta pa kuyaweka. Hospitalini muulize muuguzi kwanza, kwani wodi za wagonjwa mahututi mara nyingi haziruhusu maua. Mwenye kichefuchefu usimpelekee asmini, harufu yake itamzidi. Oleanda usiichanganye kamwe kwenye shada, kila sehemu yake ina sumu, na nyumbani kuna watoto.

Na mfiwa, jamani, tumkumbuke baada ya matanga kuanuliwa. Siku za msiba nyumba imejaa watu. Wiki ya tatu hakuna anayebisha hodi. Hiyo ndiyo wiki ya kwenda. Vivyo hivyo maua ya madhabahuni: ibada ikiisha yasifungiwe kanisani mpaka yaoze, yagawanywe mchana ule ule kwa wazee wasioweza tena kutembea hadi ibadani.

Mwenye kiwanja, hata kopo tu barazani, mpe na mbegu. Msimu ukielekea mwisho, acha maua machache makubwa yakauke shinani mpaka yawe ya kahawia, yachambue, uanike mbegu kivulini wiki moja. Zifunge kwenye karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, na mbegu huvunda. Juu ya karatasi andika rangi ya ua na mwezi uliovuna.