Klachi na flaiwili za Impreza GC8 iliyopandishwa busti

Subaru Impreza WRX ya 1992, kizazi cha GC8, ilitoka kiwandani na farasi 240 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya niutoni-mita 304, na klachi yake ya milimita 230 iliimudu vizuri. Ukipandisha busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, kinachoishinda klachi ni toki, si farasi. Ndiyo maana inaanza kuteleza gia ya nne au ya tano, kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, turbo inapojaa: mshale wa RPM unapanda, spidi iko palepale. Ipime hapo barabarani. Kukanyaga moto huku umevuta hendibreki kunaunguza diski tu.

Hesabu yake si ngumu: nguvu ya kubana ya kava (bati lenye springi linalobana diski kwenye flaiwili, gurudumu zito nyuma ya injini), mara msuguano wa diski, mara nusu kipenyo cha wastani, mara nyuso mbili. Tuseme kava ina niutoni 7,000, msuguano 0.3, nusu kipenyo milimita 95. Hiyo ni niutoni-mita 399. Sasa oili sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) ivuje mafuta kwenye diski, msuguano ushuke hadi 0.2: umebaki na 266, pungufu hata ya toki ya kiwandani. Kwa hiyo usilaumu diski kabla hujakagua mafuta. Badilisha sili, na kile kifuniko kidogo cha seperata ya mafuta nyuma ya flaiwili kama ni cha plastiki weka cha chuma.

Kwa gari la kutembelea, chagua kava ngumu zaidi na diski ya oganiki (ya nyuzi, si ya chuma) yenye springi katikati. Diski ya vipande vya shaba isiyo na springi inashika kwa kishindo, na giaboksi ya gia tano ya GC8 haina ubavu huo. Meno ya gia ya tatu ndiyo huwa ya kwanza kung'oka. Klachi inayoteleza kidogo ni bei rahisi kuliko giaboksi.

Flaiwili nyepesi haiongezi nguvu hata kidogo. Injini inapanda na kushuka mizunguko haraka, faida unaiona gia ya kwanza na ya pili, basi. Gharama yake ni gari kuzimika mlimani na giaboksi kugongagonga injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa moto. Ya kromoli (aina ya chuma kigumu) ya kilo 5 hivi inavumilika; chini ya hapo waachie wa mashindano. Ukibaki na ya zamani, ipeleke lethi isawazishwe. Beringi ya pailoti ya Subaru, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, inakaa ndani ya flaiwili yenyewe, kwa hiyo flaiwili mpya idai beringi mpya.

Kinachowatesa mafundi wengi ni kushusha giaboksi. Klachi hii ni ya kuvuta: beringi ya kuachia klachi imenasa kwenye vidole vya kava, na ukilazimisha kwa mtaimbo utavunja uma, yaani mkono unaovuta beringi hiyo. Toa intakula (kipoza hewa ya turbo), stata na silinda ndogo ya klachi. Kisha fungua pulagi (kizibo cha skrubu) ubavuni mwa nyumba ya klachi kwa alenki ya milimita 10, ingiza bolti ya M6 kwenye shafti ya uma, uivute nje. Uma ukiwa huru, giaboksi inaachana na injini bila vita. Kava ya modeli isiyo na turbo ni ya kusukuma, usiinunue kwa kuwa inafanana.

Wakati wa kufunga, safisha flaiwili kwa dawa ya breki na usiiguse tena kwa mkono. Bolti zake 8 zikazwe kwa msalaba hadi niutoni-mita 72, za kava 16 tu, kidogo kidogo kwa kuzunguka, la sivyo kava inapinda na klachi haitaachia. Kitovu kinene cha diski kielekee giaboksi. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka na kufuta. Ikizidi itarushwa kwenye diski. Giaboksi ikishakaa, sukuma uma hadi beringi ilie "tak". Isipolia, pedali itaenda chini na gia hazitaingia, na utashusha kila kitu upya.

Kilomita 800 za kwanza endesha mjini, ukibadilisha gia mara nyingi, bila kujaza busti.