Mfalme Niliyemsahau Wakati wa Kampeni

Mimi nakaanga samaki sokoni hapa Bagamoyo. Changu, tasi, nguru akipatikana. Kampeni za mwaka ule niliacha karai langu siku nyingi nikamfuata mgombea mmoja. Muumini mwenzetu, anajua kusali, na alituahidi mabanda yenye paa na jokofu la samaki. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Fulana yenye sura yake niliivaa hadi kwenye jumuiya yetu ya sala, mpaka mama mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Mwenzangu, tangu umefika hujataja jina jingine." Nilikasirika kweli.

Akashinda. Jokofu halikuja, na simu ikawa haipokelewi. Samaki wanaobaki jioni nawatia chumvi na kuwaanika, kama alivyofanya bibi yangu.

Lakini kilichoniumiza si jokofu. Niliacha kusali. Wiki nzima sikugusa rozari, kana kwamba Mungu ndiye aliyesimama jukwaani akaahidi. Hapo nikaelewa nilikuwa nimemkalisha nani kwenye kiti kisicho chake.

Novemba iliyofuata ikafika Sherehe ya Kristo Mfalme. Padri alitueleza kwamba Papa Pio wa 11 aliiweka mwaka 1925: watu walikuwa wametoka kwenye vita kuu, falme kubwa zimeanguka, na watawala wapya wanataka mioyo ya watu, si kura tu. Nilihisi ananisema mimi. Kisha tukaimba Zaburi ya 146, ile inayotuonya tusiwatumainie wakuu, maana pumzi yao ikitoka wanarudi mavumbini. Mimi nilikuwa naishia hapo siku zote. Siku ile nikasikia na mbele yake: Bwana huwapa wenye njaa chakula, huwafungua waliofungwa, humtegemeza yatima na mjane. Mimi ni mjane, mwaka wa tisa sasa. Machozi yalinitoka mbele ya watu.

Jioni nilipita kwa miguu karibu na Boma, jengo la zamani la utawala wa Wajerumani. Sultani wa Zanzibar alitawala pwani hii. Wajerumani wakaufanya mji huu makao makuu yao, mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Wakaja Waingereza, na mwaka 1961 tukapandisha bendera yetu, jambo ninalomshukuru Mungu. Nikawakumbuka wale watumwa waliofikishwa hapa na misafara, wamefungwa minyororo, hawana mkuu yeyote wa kuwasemea. Walimlilia nani, kama si Yeye anayesikia? Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, na Misa inasomwa hadi leo. Watawala wote hao wamepita.

Msinielewe vibaya. Kura nitapiga, na mkutano wa mtaa nahudhuria. Juzi nimesimama nikauliza habari ya mabanda yetu mbele ya watu wote, bila kutetemeka. Zamani nisingethubutu, kwa kuwa niliyemuuliza ndiye niliyemtegemea.

Ile fulana sasa ndiyo tambara langu la kushikia karai la moto. Sikuichagua kwa hasira, pamba yake ni nzito tu. Kila ninapoipua mafuta naiona sura yake imefifia, na pale pale namwombea: Bwana, mpe moyo wa kusikia, na mlinde yeye na watoto wake.