Simbilisi Wetu na Ubishi wa Uzee

Juzi mtoto wa jirani alinijia akiwa amempakata simbilisi wake, akaniuliza kama mifupa iliyoanza kujitokeza mgongoni ni ugonjwa au ni uzee tu. Nilimjibu nusunusu, kwa kuwa swali hilo liliwahi kuwagombanisha Babu na Mama pale kwetu Mwanga, Kigoma.

Simbilisi anayetunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 8, naye Karani, simbilisi wetu, alikuwa ameukaribia ukingo wa hesabu hiyo. Manyoya yake meusi yalikuwa yamepoteza mng'ao, jicho moja limeingia mtoto wa jicho, nyama za nyonga zimepungua, na ile tabia ya kuruka na kujigeuza hewani kila alipoona matembele ilikuwa imekoma. Mama alisema ni uzee, hakuna dawa yake.

Babu, aliyestaafu karakana ya reli na ambaye magoti yake yalikuwa yameshazungumzwa vya kutosha na kila mgeni, alilichukia neno hilo. Alasiri moja alikaa barazani, akamviringisha Karani katika kanga kuukuu, akaniamuru nishike tochi nyuma ya kucha. Simbilisi ana kucha 4 kwa kila mguu wa mbele na 3 kwa kila wa nyuma, na za Karani zilikuwa zimejikunja hata zikaanza kumpinda vidole. Kwa kuwa zilikuwa nyeusi, bila mwanga mshipa wa damu usingeonekana. Babu alikuwa akikata ncha kidogo, anapumzika, anafuta miwani, anaendelea. Moja ilitoa damu, naye akaibonyezea unga wa ngano mpaka ikakauka, huku Karani akipiga kelele za kuudhika zilizofika hadi jikoni.

Kisha akampapasa kidevuni, akanionyesha kidole chake: kilikuwa kimelowa udenda. "Huyu hajachoka kula," alisema, "huyu anashindwa kutafuna." Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote, na magego yasiposagika sawasawa huweza hata kuubana ulimi, ingawa kwa nje huonekana yale ya mbele tu. Tangu siku hiyo Babu alimkatia majani membamba kama ya mchicha wa mgonjwa, akampondea na mapera, kwa kuwa mnyama huyu, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini.

Karani aliongezeka uzito kidogo, ama sisi tulitaka kuona hivyo. Jicho lake halikurudi, wala mruko. Alikufa mvua za mwaka uliofuata. Mama aliposema uzee umemmaliza, Babu alimuuliza kwa ukali nani aliyempima, na sijui hadi leo nani kati yao alikuwa na haki.