Tonge la Kuchovya Katika Siki

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Wiki hii natafakari sandwichi: vipande viwili vya mkate, siagi ya karanga, na katikati matango ya siki. Najua wapo waliokwisha kukunja uso. Siagi ya karanga tumeizoea na jemu au asali. Lakini mafuta ya karanga yanapoza ukali wa siki, na siki nayo inakata ule uzito unaoganda kwenye kaakaa. Paka siagi vipande vyote viwili hadi ukingoni, mkate usilowe. Matango yakate membamba, uyakaushe kwa kitambaa safi. Ukiuma, tango linalia mdomoni, kisha ulaini unafuata, chumvi inakuja nyuma yake, na mwili uliochoka unatulia. Ni chakula cha jioni ile ambayo hata kuinjika sufuria ni mzigo.

Je, raha ndogo namna hii ina nafasi katika sala? Mimi naamini inayo, na Ruthu ananipa ujasiri wa kusema hivyo.

Aliingia shambani mwa Boazi, ndugu wa ukoo wa marehemu mumewe, akiwa mjane, Mmoabi katika nchi ya watu, akiokota masuke nyuma ya wavunaji. Ulipofika wakati wa kula, Boazi alimwita asogee, ale mkate na kuchovya tonge lake katika siki. Akapewa na bisi, yaani nafaka iliyokaangwa, akala, akashiba, akasaza (Ruthu 2:14). Mkate na siki, chakula cha watu wa kazi wanaoshinda juani! Kitabu hiki kina mambo makubwa ya kusimulia, tena kinaishia kwa Daudi, na bado mwandishi hakuiruka saa ya chakula. Ametuandikia hadi ladha. Kabla Boazi hajaketi langoni na wazee kuhusu ukombozi, yaani kulikomboa shamba la ukoo na kumwoa Ruthu, alikuwa ameshampa mgeni mahali pa kukaa na kitu cha kuchovya.

Paulo naye, akiwajibu waliokataza watu vyakula, anasema kila alichokiumba Mungu ni kizuri kikipokewa kwa shukrani (1 Timotheo 4:4). Kila, wapendwa. Hata kile ambacho jirani yako hawezi kukionja. Sisi hushukuru upesi kwa kupona na kwa kazi mpya, na ni vema. Ila mkate unaokufariji usiku wa uchovu hatuna sababu ya kuuonea haya mbele za Mungu.

Na angalieni yale masazo. Ruthu hakuyaacha shambani. Aliyachukua, akampa Naomi, mama mkwe wake (2:18). Huyu ndiye Naomi aliyewaambia wanawake wa Bethlehemu wamwite Mara, yaani “chungu”, kwa uchungu uliompata. Jioni ile alipokea shayiri na sehemu ya kile chakula cha mchana, akauliza kilikotoka, na aliposikia jina la Boazi akambariki kwa Bwana, ambaye hakuuacha wema wake kwa walio hai na kwa waliokufa.